Ng'ombe Waliokuja kwa Basi

Ujumbe ulikuja kwa mdomo wa Faustini katekista, kwa sababu simu ya Scolastica ilikuwa imeishiwa chaji tangu juzi yake. Faustini ni mtu mwema, hilo sibishi, ila tangu alipohudhuria semina Rulenge amekuwa akisema Kiswahili hata na mbuzi wake. Siku hiyo alipanda kilima cha Mabawe akihema, akasimama mlangoni kwa Scolastica, akatangaza kama anayesoma matangazo ya ndoa kanisani:

"Mama Adventina, binti yako amepiga simu. Anasema amepata mahari. Jumamosi hii, Biharamuro, kiwanja cha mpira. Anataka uje."

"Amepata nini?"

"Mahari, mama. Mtandao ulikuwa unakatakata, lakini hilo nimelisikia vizuri kabisa."

Sasa, sisi watu wa Ngara tunajulikana. L na r kwetu ni ndugu wa tumbo moja, mmoja akiitwa anaweza kuitika mwingine. Walimu walituchapa, wakachoka, wakahama, na sisi tukaendelea kula ugari na kurara salama. Mtu wa kwetu akisema amepata mahari, huenda amepata ng'ombe wa kuolewa, na huenda amepata mahali pa kuegesha baiskeli. Anayesikia ndiye anayechagua, na Scolastica alikuwa na kila sababu ya kuchagua ng'ombe.

Adventina, mwanawe wa pekee, alikuwa ameshavuka miaka thelathini. Kazi yake ilikuwa kuchomelea mageti na madirisha ya vyuma huko Biharamulo mjini, na Mabawe nzima ilikuwa na maoni kuhusu kazi hiyo. Kila Jumapili baada ya misa, kabla hata ya kuulizana habari za nyumbani, wanawake wa jumuiya walimzunguka Scolastica: "Adventina vipi? Bado?" Bado. Neno hilo lilimchosha kuliko jembe. Alikuwa amelijibu akiwa mjane mpya, akalijibu akiwa mjane mzoefu, na sasa lilikuwa linamtoka lenyewe hata kabla hajaulizwa.

Aliyeuliza kwa sauti ya juu kuliko wote alikuwa Clotilda, mwenyekiti wa jumuiya. Zamani Clotilda ndiye aliyefundisha kwaya ya watoto, na ndiye aliyemtoa Adventina kwenye kwaya hiyo. Mtoto alikuwa akiinga ndege, akiwafukuza kwenye shamba la mtama la mama yake tangu alfajiri, akipiga kelele bonde zima, na sauti ilikuwa imemkwaruza mpaka ikawa ya beberu. "Kwenye kwaya yangu huna mahali pa kusimama," Clotilda alimwambia mbele ya wenzake. "Rudi kainge ndege." Adventina alirudi shambani. Kanisani akawa anakaa midomo imefungwa, hata wakati wa nyimbo za Krismasi, mpaka alipoondoka Mabawe.

Kwa hiyo habari ya mahari ilipopanda kilima, Scolastica hakuichunguza. Alikaa kizingitini, akalia kidogo, akajifuta kwa pembe ya kitenge, kisha akaenda kumwita shemeji yake Protasi. Protasi ni kaka mkubwa wa marehemu mumewe, na ndiye mwenye haki ya kupokea mahari ya binti.

Protasi hakuupenda mpango huo. "Mahari inapokelewa nyumbani kwa binti," alisema. "Tangu lini mwenye binti akafuata ng'ombe kama mchuuzi wa mnadani? Na kiwanja cha mpira! Wakwe gani hawa wasio na ua?"

"Shemeji, hao wakwe wakitaka kuitolea mahari juu ya paa, sisi tutatafuta ngazi."

Protasi alimtazama, akaona hakuna nafasi ya kubishana. Akatoa koti lake la sherehe sandukuni. Scolastica akakamua pombe ya ndizi, akaijaza kwenye kibuyu kikubwa, akakata mirija mipya ya kunywea, maana huwezi kwenda kwa wakwe mikono mitupu. Jumamosi alfajiri, walipokuwa wanapanda bodaboda, Clotilda mwenyewe alikuja kuwaaga.

"Mkimaliza tu, pigeni kwa Faustini," alisema. "Jumuiya tutakuwa kwake kwa rozari ya jioni. Tutampigia mtoto vigelegele mpaka Burundi wavisikie."

Scolastica aliyabeba maneno hayo njia nzima, na kibuyu mapajani. Yalikuwa mazito kuliko kibuyu.

Walifika Biharamulo jua likiwa utosini. Kiwanja kilikuwa kimezungushiwa mabati, na upande wa goli la mbali palikuwa na jukwaa la vyuma lenye spika kubwa kama makabati. Vijana walikuwa wengi, wake kwa waume, na wote, katika jua lile, walikuwa wamevaa nyeusi.

"Shemeji," alinong'ona Scolastica, "hawa wamefiwa?"

Protasi alifikiri. "Ni sare," akasema. "Siku hizi kila sherehe ina sare. Ni ukoo mkubwa huu."

"Na hayo mafuvu vifuani?"

Protasi aliyatazama mafuvu hayo. Alijifunga vifungo vya koti vyote vitatu.

Kijana mmoja mrefu akawajia mbio. Nywele zake zilikuwa zimesokotwa mpaka mabegani, na mkanda wake ulikuwa na misumari ya chuma, lakini alipofika alikunja magoti kidogo, vizuri kabisa. "Shikamoo mama. Shikamoo mzee. Nyie ndio wazazi wa Adventina? Mimi naitwa Venance. Karibuni sana, tumewawekea viti vya mbele."

"Marahaba," alisema Scolastica, na moyo ukamruka. Ndiye huyu! Akamkagua upesi kama mwanamke anavyokagua kuku sokoni. Meno mazima. Macho hayana ulevi. Heshima ipo. Nywele zinanyoleka.

"Adventina mwenyewe yuko wapi?"

"Yuko nyuma anajiandaa, mama. Leo ndiyo siku yake. Mtamwona baadaye."

Hilo nalo walilielewa. Binti hatoki ovyo siku kama hiyo. Wakaketishwa kwenye viti vya plastiki chini ya turubai, wakapewa soda, na Protasi, ambaye hapendi kuzungukazunguka, akaenda moja kwa moja kwenye jambo.

"Kijana, tumetoka mbali. Ng'ombe wako wapi?"

Uso wa Venance uling'aa. "Eh! Mzee kumbe unawajua Ng'ombe! Wako njiani. Wametoka Mwanza na basi tangu usiku, ila wamepata pancha."

Protasi aliweka soda chini. "Wametoka Mwanza na basi?"

"Ndiyo, mzee. Nauli tumewalipia sisi."

"Wako wangapi?"

"Wanne."

"Wanne tu?"

"Wanne, mzee, lakini wakianza kupiga utadhani ni ishirini."

Venance akaitwa na wenzake, akaondoka. "Ng'ombe wanne," Protasi akamwambia Scolastica. "Mimi nilitaka sita. Lakini ng'ombe aliyepandishwa basi na kulipiwa nauli siyo ng'ombe wa kawaida. Na mateke hayo tutayazoea."

Scolastica alikuwa anatafuta kwa macho mwanamke wa makamo ambaye angeweza kuwa mama mkwe, na hakumwona.

Ndipo muziki ulipoanza. Sijui niueleze vipi kwa mtu ambaye hajausikia. Watoto wa mjini wanauita metali. Scolastica alidhani jukwaa limeanguka. Alishika kibuyu kwa mikono miwili, akasubiri wenye jukwaa wakimbie, akaona hawakimbii, wanapiga. Wa kwanza walitoka Kahama. Aliyeimba alikuwa kijana mwembamba ambaye ukikutana naye njiani ungempisha kwa huruma, lakini mdomoni mwake ilitoka sauti ya fahali aliyenaswa kwenye tope. Vijana wenye nyeusi walitikisa vichwa vyao kwa pamoja, juu, chini, juu, chini, na vumbi la kiwanja likapanda.

"Wanakubali nini hao?" aliuliza Protasi kwa kupiga kelele.

"Sijui!"

"Wamekubali mara nyingi mno!"

Bendi ya kwanza ikashuka, ikapanda ya pili, kutoka Bukoba. Katikati jenereta likazima, watu wakakaa juani wakisubiri, mafundi wakalipiga makofi mpaka likawaka tena. Ikapanda ya tatu. Scolastica hakuona tofauti ya ya pili na ya tatu isipokuwa ya tatu ilikuwa na mpiga ngoma asiye na shati. Venance alimletea pamba za kuziba masikio na ndizi za kuchoma. Pamba alijitia masikioni, ndizi akazila moja moja. Jua lilihama, likaingia chini ya turubai, likamkalia miguuni. Goti la kushoto, lile linalomsumbua wakati wa palizi, lilianza kumkumbusha kwamba aliamka usiku. Uchovu ulimpanda kutoka vidoleni, ukapita kiunoni, ukamfika mabegani, na kila mpiga gitaa aliyeinama mbele yake alimwona kama mtu anayechimba, anachimba, na shimo haliishi.

Alichotaka ni kimoja tu. Aitwe, asimame, aone ng'ombe, aseme asante, apige simu kwa Faustini, na kesho Jumapili asiulizwe. Asiulizwe tu. Mume mwenyewe, kusema kweli, alikuwa tayari awe yeyote.

Alisinzia, ndizi ya mwisho ikiwa mkononi. Alipoamka ni kwa sababu Protasi alikuwa amemshika bega.

"Wamefika. Wametangazwa. Simama, shemeji."

Kwenye kipaza sauti mtu alikuwa anapaza: "Mmewasubiri sana! Pancha haikuwazuia! Kutoka Mwanza... Ng'ombe Weusiii!"

Kiwanja kizima kikalia "Mooo!" Protasi alivua kofia, akajinyoosha koti, akageuka kuelekea getini kuwatazama wanavyoingizwa. Geti halikufunguliwa. Jukwaani wakapanda vijana wanne wenye magitaa na ngoma, mmoja amevaa pembe kichwani. Protasi aliwatazama, akatazama geti, akawatazama tena. Akawahesabu kwa kidole.

"Scolastica," alisema polepole, "ng'ombe wetu ndio hawa?"

Scolastica alikaa chini.

Ng'ombe Weusi walipomaliza kupiga, na walipiga kama ishirini, hapo Venance hakudanganya, Adventina akaja. Alikuwa amevaa buti zake za kazini, suruali nyeusi, na miwani ya kuchomelea ameipandisha kwenye paji la uso. Alikuwa anatabasamu kwa uso wote. Alipiga magoti vumbini mbele yao. "Shikamoo mama. Shikamoo baba mkubwa. Siamini mmekuja."

"Marahaba. Mume yuko wapi?" aliuliza Protasi.

"Mume gani, baba mkubwa?"

"Wa mahari."

"Mahari gani?"

"Si ulisema umepata mahari?" Scolastica aliingilia, na sauti yake yeye mwenyewe hakuipenda. "Ulimwambia Faustini umepata mahari, Biharamuro, Jumamosi."

"Ndiyo, mama. Nimepata mahari. Bendi yetu imepata mahari."

"Bendi yako imeolewa?"

"Mama! Mahari! Siyo mahari, *mahari*!" Adventina aliona hafiki popote. Alishindana na ulimi wake mara mbili tatu, kisha akaacha Kiswahili chote akasema kwa Kihangaza cha nyumbani, ambako maneno hayo mawili hayajuani kabisa, kwamba alikuwa amepewa pa kusimama. Nafasi. Zamu yake ya kupiga jukwaani. Venance na wenzake wa tamasha walikuwa wamewanyima mwaka baada ya mwaka, wakisema bendi yenye fundi wa mageti na sauti ya mwanamke haitaleta watu, na mwaka huu walikubali. Bendi ya mwisho. Yeye ndiye anayeimba.

Protasi alimgeukia Venance, ambaye alikuwa amesogea. Alijaribu bahati mara moja tu. "Na wewe kijana, huna nia yoyote?"

"Mzee, mimi nina mke na watoto."

"Haya," alisema Protasi, akafungua vifungo vya koti vyote vitatu.

Scolastica alikuwa anaona kilima cha Mabawe kutoka chini, na yeye anakipanda, na huko juu Clotilda amesimama na wenzake mikono kiunoni. Adventina alimshika goti, lile bovu, bila kujua.

"Mama?"

"Nimechoka," alisema Scolastica.

"Umechoka safari, au umenichoka mimi?"

Lilikuwa swali la haki. Mama mwenye akili angesema safari. Scolastica alikuwa amechoka hata kupita kiasi cha kudanganya. "Vyote viwili," alisema.

Tabasamu likamtoka Adventina. Alisimama, akakung'uta vumbi magotini, na kwa kitambo alikuwa yule mtoto wa miaka kumi na miwili anayeshuka ngazi za kanisa baada ya kutolewa kwaya. "Mimi nilitaka uone," alisema. "Basi. Mkitaka kuondoka, Venance atawatafutia gari." Akaenda zake kuelekea jukwaani, buti zikipiga chini.

Protasi alisimama. Scolastica hakusimama. Siyo kwamba aliamua kubaki. Miguu ilikataa, na yeye hakuwa na nguvu ya kuibembeleza. Kwa hiyo alikuwa hapo, kwenye kiti chake cha plastiki, kibuyu pembeni, wakati mwanawe alipopanda.

Jua lilikuwa limelegea. Adventina alishika kipaza sauti, akasubiri ngoma zianze, akavuta pumzi mpaka mabega yakapanda. Kisha akatoa sauti.

Scolastica aliijua kabla haijaisha.

Ilikuwa sauti ile ile ya shamba la mtama. Ilianzia chini ya kitovu, ikapanda ikikwaruza, ikafunguka juu na kukaa huko huko, ndefu, ile iliyokuwa ikiinua wingu zima la ndege upande huu na kulimwaga ng'ambo ya bonde. Scolastica aliisikia asubuhi ngapi akiwa jikoni anapuliza moto! Alipoisikia, alijua mtama upo salama na mtoto yuko hai. Alipoacha kuisikia, alitoka nje kutazama. Mwaka ule wa njaa, mtama wao ulivunwa wote, na wa jirani uliliwa, na hakuna aliyepata kusema asante kwa sauti hiyo. Yeye mwenyewe hakusema. Alichosema, alipokuta mtoto amerudi kutoka kwaya analia, ni kwamba anywe maji ya moto.

Muziki bado ulikuwa mbaya, tusidanganyane. Kichwa kilimuuma, na magitaa yalimkata kama shoka butu. Lakini aliona mambo mawili. Aliona kwamba vijana wote wale walioshinda wakipiga kelele walikuwa wamenyamaza, wamemwangalia mwanawe midomo wazi, kabla ya kulipuka. Na aliona kwamba Adventina hakuwa amechoka. Tangu asubuhi kila mtu katika kiwanja kile alikuwa amechoka, wapigaji, mafundi wa jenereta, wauza mishikaki, hata jua. Yule hakuchoka. Alisimama miguu imepanuka, kama alivyosimama juu ya kichuguu cha shambani, na hakukuwa na mtu wa kumwambia apunguze.

Scolastica alimwonea wivu mwanawe. Nalisema wazi kwa sababu yeye mwenyewe alilijua wazi. Katika maisha yake yote, kwenye msiba wa mumewe hata kwenye uchungu wa kumzaa mtoto huyo, hakuwahi kutoa sauti yake yote. Kila mara palikuwa na mtu wa kumwambia taratibu, mama, watu wanasikia. Wivu ulimuuma, kisha ukaisha, na ulichokiacha nyuma yake kilikuwa fahari, na fahari hiyo ilimtisha kidogo kwa kuwa hakuwa na mazoea nayo. Akatoa pamba masikioni. Akaitia mfukoni mwa blauzi.

Walipomaliza, watu walikuwa bado wanaita jina: "Ad-ven-ti-na! Ad-ven-ti-na!" Protasi, ambaye hakuwa ameenda popote, alikuwa amekaa tena.

"Hiyo sauti," alisema, "ni ya kwetu."

"Ni ya kwetu."

"Pombe iliyotolewa nyumbani kwa ajili ya mahari hairudi nyumbani," alisema Protasi, kama mtu anayesoma sheria. Alikinyanyua kibuyu, akaenda nacho nyuma ya jukwaa, akakiweka katikati ya Ng'ombe Weusi, akawagawia mirija. "Nilitumwa kupokea ng'ombe wanne," aliwaambia. "Nimewapokea. Inameni mnywe." Yule mwenye pembe alilazimika kuzivua kwanza.

Adventina alikuja akamkuta mama yake peke yake. Alikuwa ameloa jasho, na sauti imekwisha kabisa, kilichobaki ni upepo. Alikaa chini kwenye nyasi, karibu na goti bovu, bila kuuliza kitu. Scolastica alivua kilemba chake cha sherehe, akamfuta nacho uso. Hilo nalo hakulipanga.

"Utakunywa maji ya moto," alisema.

"Ndiyo, mama."

Simu ya Scolastica ikalia. Venance alikuwa ameichaji kwenye jenereta lake, na jina lililoonekana lilikuwa la Faustini. Scolastica aliitazama ikilia mkononi. Angeweza kuiacha. Angeweza kupokea na kusema mambo yamekwenda vizuri, tutaongea, na kupumzika usiku mmoja zaidi. Alipokea, na kwa kuwa masikio yalikuwa bado yanavuma, aliweka sauti ya nje.

"Haloo! Mama Adventina! Tuko hapa jumuiya nzima, rozari tumemaliza. Tuambie! Amepata?"

"Faustini, nisikilize vizuri. Siyo mahari. Ni mahari."

"Eh?"

"Siyo ng'ombe. Subiri." Alivuta pumzi. Alikumbuka mwalimu wa darasa la pili na fimbo yake, akaupandisha ulimi, akaugusisha nyuma ya meno, akausukuma kama anayesukuma ng'ombe mgonjwa. "Ma-ha-ri. Mwanangu amepata ma-ha... mahari."

"Amepata mahari!" Faustini aliwageukia wenzake kule Mabawe. "Jamani, mama mwenyewe anathibitisha! Anarudia mara tatu tatu! Amepata mahari!"

"Faustini, hapana..."

Vigelegele vikalipuka. Vilitoka kwenye kisimu kile kidogo kwa nguvu mpaka vijana waliokuwa karibu wakageuka kutazama bendi gani tena inaanza. Ilikuwa sauti ya wanawake wa Mabawe wote, na juu yao wote, kali, ndefu, inayotetemeka mwishoni, sauti ya Clotilda.

Adventina aliinua kichwa. Alipopata kipaimara hakupigiwa vigelegele. Alipomaliza chuo cha ufundi hakupigiwa. "Nani hao?" aliuliza kwa ile sauti iliyokwisha.

"Jumuiya. Yule wa juu ni Clotilda."

"Clotilda wa kwaya?" Alisogeza sikio karibu na simu, akasikiliza, na macho yakamjaa maji. "Mama. Wananipigia mimi?"

Kesho ipo, Scolastica alijua hilo. Kesho ni Jumapili, na yeye ndiye atakayesimama nje ya kanisa aeleze, aeleze tena, na wakicheka achekwe yeye. Kilima atakipanda kwa goti hili hili. Lakini alikuwa ameshachoka kiasi ambacho uchovu mmoja zaidi haungeonekana, na huyu hapa alikuwa mwanawe, uso umeelekea juu, anasubiri kujibiwa.

"Wanakupigia wewe," alisema. "Umepata mahali."

Hiyo l ilitoka safi kama ya mwalimu, na hapakuwa na mtu wa kuisikia isipokuwa Adventina.